Neno Lake Haliguswi

Kabla kamera haijawashwa, waigizaji wa tamthilia mpya nchini Korea Kusini hukutanishwa katika chumba kimoja. Huketi kuzunguka meza ndefu, kila mmoja na mswada wake, na husoma kwa sauti kuanzia ukurasa wa kwanza. Katika tamthilia nyingi kikao hicho ni cha kufahamiana na kuzoeana sauti. Katika tamthilia za Kim Soo-hyun kilikuwa mtihani. Mwandishi mwenyewe alikuwepo mezani akisikiliza, na aliyepandisha sauti pasipostahili, au aliyevuta sentensi iliyotakiwa kukatwa, alirudishwa nyuma asome tena. Hakuna aliyesamehewa kwa sababu ya umri au umaarufu. Kuongeza neno la kwako, hata kiungo kidogo cha sentensi, kulikuwa marufuku. Kilichoandikwa ndicho kilichosemwa.

Magazeti ya Seoul yalimsifu kuwa mchawi wa lugha, na waliofanya kazi naye walimwogopa. Yote mawili ni kweli, lakini hayaelezi alichofanya. Ukali huo juu ya neno ndio uliomfanya mwandishi wa tamthilia Korea awe mtu mwenye jina. Katika nchi nyingi mtazamaji anamjua nyota, pengine na mwongozaji pia, ila aliyeandika hamjui. Korea mtu anakuambia anatazama tamthilia ya mwandishi fulani, kama vile msomaji anavyokuambia anasoma riwaya ya fulani, na vituo vya televisheni vinalitangaza jina hilo ili kuvuta watu. Heshima hiyo ilipiganiwa mswada kwa mswada, na sijui mwingine aliyeipigania muda mrefu kama Kim Soo-hyun, tangu 1968 hadi 2016.

Alizaliwa mwaka 1943 mjini Cheongju, katika mkoa wa Chungcheong Kaskazini. Jina lake la kuzaliwa ni Kim Soon-ok. Kim Soo-hyun ni jina la kalamu, na msomaji kijana asimchanganye na mwigizaji wa kiume mwenye jina hilohilo, aliyezaliwa 1988. Mwandishi alipozaliwa, Korea ilikuwa koloni la Japani, na Kikorea kilikuwa kimeondolewa shuleni. Alikuwa mtoto wa miaka miwili ukoloni ulipoanguka, na wa miaka saba vita vilipozuka mwaka 1950. Rika lake lilianza shule likifundishwa kwa lugha ya mama, haki ambayo kaka na dada zao walinyimwa. Akaenda Chuo Kikuu cha Korea, Seoul, akasomea lugha na fasihi ya Kikorea. Kwa msichana wa mkoani katika nchi maskini iliyokuwa ikijijenga upya, kuchagua fasihi haikuwa njia ya kupata kazi nono.

Mwaka 1968 kituo cha MBC kiliitisha shindano la kuandika mchezo wa redio. Akatuma kazi yake, hadithi yenye jina la kulungu aliye kwenye uwanda wa theluji, akashinda. Mwaka uliofuata ikatengenezwa filamu.

Naomba tukae kidogo kwenye redio, maana hapo ndipo ilipo siri ya mambo yote yaliyofuata. Katika mchezo wa redio huna uso wa kuonyesha huzuni, huna chumba wala mvua dirishani. Una sauti tu. Msikilizaji ajue nani ameingia, ana hasira au amelewa, anampenda anayesema naye au anamdanganya, na yote hayo ayapate kwenye maneno na mapigo yake. Mwandishi aliyefunzwa hivyo huwa hamwachii mwigizaji pengo alijaze kwa uso mzuri. Tamthilia za Kim zina watu wanaosema kwa kasi, wanaokatizana, wanaojibu swali ambalo bado halijaulizwa, na katikati ya mlolongo huo mtu anatamka jambo moja zito ambalo hakukusudia litoke. Ukifumba macho utafuata hadithi bila taabu. Ndiyo maana alikuwa mkali kuhusu kiungo kidogo cha sentensi: kikitoka, mapigo yanavurugika, na mtu aliyejengwa kwa mapigo hayo anaporomoka.

Televisheni ilimpokea mwaka 1972, hukohuko MBC. Baada ya tamthilia yake ya kwanza, Mujigae (“Upinde wa Mvua”), ikaja Sae-eomma (“Mama Mpya”), iliyorushwa kila siku hadi mwaka uliofuata na kufikia sehemu 411. Mtu anayeandika kwa mwendo huo hawezi kungoja wahyi. Kila jioni kuna watu wanasubiri mbele ya televisheni. Hadithi yenyewe ilimhusu mama wa kambo. Wakorea, kama sisi, wamelelewa kwenye ngano ambazo mama wa kambo ni mtesaji, anayemnyima chakula mtoto wa mwenzake na kumtwika kazi za nyumba nzima. Kim akamwingiza mama wa kambo mwenye akili na subira ndani ya nyumba yenye watu wengi, akamwacha apate nafasi yake siku baada ya siku. Hakukuwa na mapinduzi makubwa katika hilo, lakini lilikuwa dokezo la mapema: aliwachukua wanawake ambao hadithi za zamani zilikuwa zimeshawahukumu, akawapa nafasi ya kujieleza.

Dokezo hilo lilimfikisha pabaya mwaka 1978. Cheongchun-ui Deot (“Mtego wa Ujana”) ilimhusu mwanamke aliyemsomesha na kumlisha mwanamume aliyempenda, akazaa naye mtoto bila ndoa, kisha akaachwa mwanamume huyo alipopata njia ya kuoa kwenye ukoo wa matajiri. Mtoto anakufa. Mwanamke anaamua kulipiza kisasi, tena kwa kuingia kwenye ukoo uleule. Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Park Chung-hee, na serikali ilijiona kuwa mlezi wa maadili ya taifa. Watu wawili kuishi pamoja na kuzaa nje ya ndoa, kwenye televisheni ya familia, lilikuwa jambo lisilovumilika. Tamthilia ikakatishwa mapema.

Aliisubiri miaka 21. Mwaka 1999 akaiandika upya kwa ajili ya kituo cha SBS, safari hii Shim Eun-ha akiwa mwanamke aliyeachwa, na nusu ya nchi ikamtazama. Tukio ambalo Wakorea wa rika lile hulikumbuka hadi leo ni pale anapomwahidi yule mwanamume kwamba atamvunjavunja. Hapigi kelele. Machozi yanamtoka, meno yameumana, sauti iko chini kabisa. Mwigizaji angeweza kulia na kupiga ukelele, na wengi wangefanya hivyo. Mstari ulivyoandikwa haukuacha nafasi hiyo, kwa sababu ni mfupi na hauna pa kuvutia pumzi.

Katikati ya vipindi hivyo viwili vya Mtego wa Ujana ndipo alipokuwa malkia wa jioni za Korea. Aliandika pia riwaya katika miaka ya 1970 na 1980, mojawapo ikiwa Gyeoul-lo Ganeun Macha, na kadhaa zikageuzwa filamu. Kwa maoni yangu riwaya hazikuwa uwanja wake mkubwa. Kwenye riwaya mwandishi hulazimika kueleza, na Kim hakupenda kueleza. Alipenda watu wabishane. Lakini riwaya zilimwachia tabia moja muhimu, nayo ni kuuona mswada wa televisheni kuwa kitabu kilichokamilika, chenye mwandishi mmoja anayewajibika kwa kila sentensi. Tamthilia nyingi za Korea zilikuwa zikiandikwa huku zikipigwa picha, kurasa chache zikimfikia mwigizaji asubuhi ya siku ya kazi, wino bado mbichi. Kim alijulikana kwa kuwasilisha miswada yake mapema na ikiwa kamili. Aliyetaka waigizaji waheshimu neno alihakikisha kwanza neno lenyewe lipo mezani kwa wakati.

Sarang-gwa Yamang (“Mapenzi na Tamaa ya Makuu”) ilirushwa mwaka mzima wa 1987, mwaka uleule ambao mitaa ya Seoul ilijaa waandamanaji mwezi Juni na utawala wa kijeshi ukalazimika kukubali uchaguzi wa rais wa moja kwa moja. Ndani ya tamthilia ndugu wawili wanatoka kwenye umaskini wa mkoani na kupanda, mmoja hadi kilele cha biashara, na mwanamke anayempenda anakuwa nyota wa filamu na kuharibika kwa upweke. Watazamaji waliona nchi yao yenyewe: kasi ya kutajirika, na watu waliokanyagwa njiani.

Mmoja wa waigizaji wa tamthilia hiyo alikuwa Youn Yuh-jung. Dunia ilimjua Aprili 2021 alipopewa tuzo ya Oscar kwa filamu ya Minari, Mkorea wa kwanza kushinda Oscar ya uigizaji. Wakorea walikuwa wamemjua tangu mwanzo wa miaka ya 1970, kisha wakampoteza: aliolewa, akahamia Marekani, akarudi katikati ya miaka ya 1980, akaachana na mumewe, akabaki na watoto wawili wa kiume wa kulea. Mwanamke aliyeachika hakutakiwa kwenye televisheni. Youn mwenyewe amesimulia hadharani jinsi watazamaji walivyopiga simu kulalamika kwamba hata sauti yake hawaipendi. Kim alimwandikia. Mwaka 1985 aliandika filamu ya Eomi, ambamo Youn ni mama anayewasaka mmoja mmoja watu waliomteka na kumharibu binti yake, halafu zikaja tamthilia za 1987 na 1988, na nyingine baada ya hizo. Sauti ile kavu, isiyobembeleza, iliyowaudhi watazamaji, ndiyo Kim aliyoihitaji. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye akisema jambo hana haja ya kulipamba.

Kilele cha umaarufu wake ni Sarang-i Mwogillae (“Mapenzi ni Kitu Gani”), iliyorushwa na MBC mwishoni mwa wiki kuanzia Novemba 1991 hadi Mei 1992. Wastani wake wa utazamaji ulikuwa 59.6%, na hakuna tamthilia ya Korea iliyowahi kuupita tangu vipimo vya kisasa vilipoanza. Hadithi yake unaweza kuisema kwa pumzi moja: kijana kutoka nyumba ambayo neno la baba ni sheria anamwoa msichana kutoka nyumba ambayo kila mtu ana neno. Lee Soon-jae alicheza baba wa nyumba ya kwanza, mtu wa kufoka ambaye mke wake na watoto hutembea kwa kunyata akiwapo. Choi Min-soo akawa mwanawe, na Ha Hee-ra bibi harusi aliyeingia humo akidhani mapenzi yatatosha.

Lakini aliyeibeba ni mke wa yule baba, aliyechezwa na Kim Hye-ja. Huyu mama hana usemi sebuleni. Ufalme wake uko jikoni, na humo ana kinasa sauti kidogo. Anawasha kaseti ya wimbo unaoitwa Tatata, wa Kim Kook-hwan, anaufuatisha kwa mdomo huku mikono iko kwenye kazi, na mume akiita anazima. Hakuna hotuba juu ya haki za mwanamke. Kuna wimbo unaokatizwa, unaowashwa tena, unaokatizwa tena. Wimbo huo ulikuwa umetoka kabla ya hapo bila kishindo. Jiko lile liliupandisha hadi kileleni mwa chati mwaka 1992 na kumfanya mwimbaji, aliyekuwa amehangaika kwa miaka mingi, kuwa nyota.

Mwaka 1997 televisheni ya taifa ya China, CCTV, iliionyesha tamthilia hiyo ikiwa imetiwa sauti za Kichina, na watazamaji walivyoipenda ikarudiwa. Wanaoandika historia ya wimbi la utamaduni wa Korea nje ya nchi mara nyingi huanzia hapo. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki walifika Korea kwa mlango mwingine, ule wa wafalme na mapanga, hasa Jumong, iliyoandikwa na Choi Wan-kyu na Jung Hyung-soo. Nchini China mlango ulikuwa meza ya chakula: mavyaa, mkamwana, baba mkali, na mama mwenye kaseti. Naona inafaa kulikumbuka hilo leo, wakati mauzo ya tamthilia hizi yanaelezwa kana kwamba yalitokana na fedha na sura nzuri peke yake.

Mafanikio ya Sarang-i Mwogillae yalimfikisha mahakamani. MBC ilikuwa imerusha tamthilia nyingine, Yeou-wa Somsatang, na Kim akadai kwamba imechukua kazi yake: familia mbili zinazopingana, uhusiano wa wahusika, mtiririko wa matukio. Akaishitaki MBC, kituo kilichomlea. Swali lilikuwa gumu, kwa kuwa mapenzi kati ya nyumba mbili tofauti ni mali ya kila mtu tangu watu waanze kusimuliana hadithi. Mwaka 2004 mahakama ya Seoul ilikubali kwamba haki yake imevunjwa. Uamuzi huo haukuishia kwenye sentensi zilizofanana. Uliangalia namna wahusika walivyofungamanishwa na jinsi tukio lilivyozaa tukio. Wanasheria wa hakimiliki nchini humo wanaitumia kesi hiyo hadi leo. Kwa waandishi maana yake ilikuwa wazi: hata mifupa ya hadithi, ikiwa imepangwa kwa namna ya pekee, ina mwenyewe.

Kim Hye-ja alirudi jikoni kwa Kim Soo-hyun mwaka 2008, katika Eomma-ga Ppulnatda (“Mama Amekasirika”) ya kituo cha KBS. Safari hii ni mama mtu mzima, Kim Han-ja, aliyemhudumia baba mkwe, mume na watoto watatu kwa maisha yake yote ya ndoa. Watoto wamekua na kila mmoja amemletea mzigo wake. Siku moja anaitangazia familia kwamba anataka likizo ya mwaka mmoja. Hataki talaka, wala hana mwanamume mwingine. Anataka chumba chake peke yake, alale saa anayotaka, asome, asipike. Anakipata chumba hicho na anahama. Nchi iligawanyika. Wapo wanawake waliosema amewasemea, na wapo waliosema amezidi, kwani nani hajachoka? Mimi naiona kuwa kazi yake bora, kwa sababu Kim alikataa kumpa mama huyo kisingizio. Angeweza kumpa mume katili au ugonjwa, na kila mtu angemhurumia. Alimpa mume mwema na familia inayompenda, kisha akamwacha aseme kwamba bado amechoka. Mwaka uliofuata Kim Hye-ja alipata tuzo kuu ya Baeksang kwa upande wa televisheni.

Mwaka 2010 akagusa mahali ambapo hata jina lake halikumkinga. Insaeng-eun Areumdawo (“Maisha ni Mazuri”), ya SBS, iliwekwa kisiwani Jeju, katika familia kubwa ya kawaida kabisa, ila mtoto wa kiume wa kwanza, daktari, anampenda mwanamume mwenzake. Haikuwa mara ya kwanza kwa jambo hilo kuonekana kwenye skrini za Korea. Upya ulikuwa kuliweka kwenye tamthilia ya familia ya mwishoni mwa wiki, inayotazamwa na bibi na mjukuu pamoja, na kuyatumia matukio mengi kuonyesha wazazi wakilia, wakijilaumu, kisha wakiamua kumpenda mtoto wao alivyo. Makundi ya wapinzani yalichapisha tangazo gazetini yakidai kituo kiwajibike iwapo watoto wao wataharibika kwa kuitazama. Kim alikuwa ameandika tukio ambalo wapenzi hao wanaahidiana kanisani. Tukio hilo halikurushwa. Mwandishi ambaye hakuruhusu kiungo kimoja kibadilishwe alinyang'anywa tukio zima, na akatoa hasira yake kwenye Twitter, mbele ya watu wote.

Mwaka 2011 aliandika Cheonil-ui Yaksok, juu ya mwanamke wa miaka 30 anayeshikwa na ugonjwa wa Alzheimer. Soo Ae alimcheza mwanamke huyo, na kazi aliyopewa ni ya kuandika vitabu kwa niaba ya wengine. Anapoteza majina ya vitu mojamoja, naye anayapigania kwa hasira, akijitajia mbele ya kioo jina lake na umri wake. Sijui tamthilia nyingine ya Kim ambayo ndani yake woga wake mwenyewe uko karibu hivyo na uso wa hadithi.

Wapo wanaosema wahusika wake wote wanazungumza kama yeye, hata mtoto mdogo ana ulimi wa wakili. Kuna ukweli ndani yake. Ukizitazama kazi zake tatu mfululizo utazisikia pumzi zilezile. Lawama nyingine ina uzito zaidi. Nyumba zake ni za vizazi vitatu chini ya paa moja, na Korea hiyo ilikuwa inatoweka. Sensa ya 2015 ilionyesha kwamba kaya za mtu mmoja zimekuwa nyingi kuliko za aina nyingine yoyote, zaidi ya 27% ya kaya zote. Hata hivyo, Kim alikuwa amekwisha kuthibitisha kwamba anaweza kuhama na watazamaji wake: Mujasik Sangpalja, aliyoiandika mwaka 2012 kwa JTBC, kituo kilichokuwa hata hakijatimiza mwaka mmoja hewani, ilivuka 10% wakati vituo vipya vya aina hiyo vilishukuru kupata 1%. Kiini cha hadithi kilikuwa jaji wa kike mwenye mimba asiye na mume, na bado vizazi vitatu vilikuwa karibu naye.

Februari 2016 alirudi SBS na Geurae, Geureon Geoya, nyumba nyingine ya vizazi vitatu, mezani Lee Soon-jae tena. Iliagizwa sehemu 60. Watazamaji hawakuja, na kituo kikaikata hadi 54. Ilimalizika Agosti, na tangu hapo hajarusha tamthilia nyingine ndefu. Mwezi uleule ilipoanza, KBS ilikuwa imezindua Taeyang-ui Huye, ya sehemu 16, ambayo ilivuka 38%. Kim Eun-sook, mmoja wa waandishi wake wawili, alizaliwa mwaka 1973, wakati Sae-eomma ikiwa bado inarushwa. Kazi hiyo ilikuwa imeandikwa na kupigwa picha yote kabla sehemu ya kwanza haijaenda hewani, na Wakorea waliiita tamthilia ya Kim Eun-sook.